Harufu Tamu Kwenye Ovaroli

Wifi yangu ni dobi, na pua yake ni ya kuogopwa. Mpe shati la mtu, atakwambia alikula nini, alijifutia wapi, na kama alilala kwake. Chumba chake cha kufulia kimejaa mabeseni na kamba, na ana pasi moja nzito ambayo hata mimi siruhusiwi kuigusa. Mumewe ni kaka yangu wa tumbo moja, fundi magari, na ovaroli yake hufuliwa peke yake kwa sababu ya oili. Hiyo ovaroli ndiyo iliyoleta maneno.

Ilianza kunukia. Si oili, si jasho. Ilikuwa harufu tamu, kama peremende iliyoyeyukia mfukoni, na ilikuja kila Ijumaa.

"Nusa," wifi aliniambia, akinisukumia kola usoni.

Nikanusa. "Tamu."

"Tamu, eh? Na Ijumaa ni siku ya nani pale gereji? Si ya yule mshonaji?"

Mshonaji tulimjua. Anashona sare za shule, ana vidole laini na kicheko cha chini chini, na anaendesha gari kuukuu aliloachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo lilikuwa linapungukiwa maji ya rejeta, na kila Ijumaa alilileta injini ikiwa inachemka. Kaka alishabadilisha mfuniko wa rejeta, mpira wa juu, mpira wa chini, klipu zote, hata pampu ya maji. Alilitandikia boksi la karatasi chini ya injini, gari likalala hapo gereji, asubuhi boksi kavu. Akajaza maji, mshonaji akashukuru, na Ijumaa nyingine akarudi.

"Gari gani hilo lisilopona?" wifi akasema. "Hebu niambie, ndugu yako ameshindwa na magari mangapi?"

Sikukumbuka hata moja. Lakini damu nzito kuliko maji, nikamtetea. "Wifi, ukimchunguza sana bata hutamla."

"Huyu bata nimemla miaka yote. Niache nimchunguze."

Wivu ulimkaba kweli kweli. Alikuwa akipiga pasi huku akimsema mshonaji, mpaka akaunguza suruali ya mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Akamwuliza kaka kama mikono ya mkewe imekuwa migumu. Kaka akajibu kwamba hiyo ni mikono ya dobi, atafanyaje. Jibu la kijinga kama hilo sijapata kulisikia, na aliyelitoa ni ndugu yangu.

Ijumaa iliyofuata wifi alivua aproni, akanishika mkono, tukaenda gereji. Mshonaji alikuwa amesimama kando ya boneti iliyofunguliwa. Kaka alikuwa akimweleza jambo kwa sauti ya upole ambayo nyumbani kwao nilishaisahau. Wifi hakumsalimia mtu. Alifungua mlango wa abiria, akayahamishia nyuma majora ya vitambaa yaliyojaa kitini, akakaa kama mwenye mali.

Kisha akatulia. Akavua kandambili, akalibonyeza zulia kwa kidole gumba cha mguu. Akainama, akalikamua pembe yake kama anavyokamua blanketi, akanusa kiganja.

"Fundi," aliita, maana mbele ya wateja hamwiti vinginevyo. "Rangi ikitoka kwenye nguo, utaikuta kwenye beseni. Boksi lako haliwezi kulowa. Maji yanamwagikia humu ndani."

Nikaingiza kichwa. Ilikuwa harufu ile ile ya ovaroli, na kioo cha mbele kilikuwa na utando wa ukungu kwa ndani. Kumbe maji ya rejeta yale ya rangi ndiyo yanayonukia hivyo.

Mshonaji alishika shavu. "Mimi nilidhani ni mvua inaingia mlangoni. Asante sana, dada yangu, umeniokoa."

Alilisema hilo "dada yangu" kwa moyo mweupe, na wifi alilisikia. Mabega yakamshuka. Akaanza kucheka peke yake, kwa aibu na kwa raha, hata akamsaidia kupanga majora yake upya.

"Itakuwa rejeta ndogo ya hita," kaka akasema taratibu. "Ile iliyo nyuma ya dashibodi. Imetoboka."

"Basi itafute, limalizike leo," wifi akamwambia. Alikuwa bado anatabasamu.

Kaka alisita. Akamtazama mshonaji, akatazama chini, halafu akaenda kwenye rafu ya nyuma. Akaingiza mkono nyuma ya betri mbovu, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa rejeta ndogo ya hita, ya gari lile lile, imesafishwa, na mipira yake miwili imeshakatwa kwa kipimo.

"Kumbe unayo," mshonaji akasema kwa furaha. "Bahati iliyoje."

Wifi aliliokota lile gazeti. Akapitisha kidole juu yake, akakiangalia. Dobi hachanganyi vumbi la jana na vumbi la miezi, na hili lilikuwa la miezi. Tabasamu likamwisha.

Alimsogelea mumewe, akakifuta kile kidole polepole kwenye kifua cha ovaroli.

"Hii," akamwambia, "utaifua mwenyewe."