Mchumba wangu alilia kwenye live band Kayanga, nikataka kuahirisha posa

Hivi mtu anaweza kulia kwa sababu ya wimbo tu, bila kuwepo mtu nyuma ya huo wimbo?

Wakuu, hilo swali limeninyima usingizi karibu wiki nzima. Wakubwa shikamooni, tunaolingana habari za kazi, na wale ambao kazi bado zinatutafuta kama mimi, poleni. Haya yamenikuta mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina, maana mhusika mmoja naye yumo humu na anasoma nyuzi kuliko mimi.

Mimi ni kijana wa Kyerwa, kwetu ni wafugaji. Chuo nimemaliza, ajira bado, kwa sasa nasaidia ng'ombe wa mzee na kufundisha tuition.

Mchumba wangu nimwite Koku. Kwao ni Nyabiyonza, watu wa migomba na kahawa. Tulisoma chuo kimoja, miaka ile ile, na hatukujuana. Tumekuja kujuana huku huku nyumbani, kwenye foleni ya kugonga mihuri vyeti.

Hiyo ya kutojuana chuo ishikeni, ndiyo mzizi wa ugonjwa wangu.

Sasa, Jumamosi, wiki moja kabla ya siku ya kupeleka posa, Koku akanipigia kwamba kuna live band imekuja Kayanga, twende. Nikafurahi. Huku kwetu burudani ya maana ni harusi na kipaimara, kwa hiyo bendi yenye ngoma na gitaa za kweli si ya kukosa.

Tumefika, tumeagiza ndizi nyama, bendi ikapanda. Kumwangalia mwimbaji, nikamtambua.

Ni Deo.

Chuoni kwetu kulikuwa na bendi ya wanafunzi, ilikuwa inapiga Ijumaa kwenye uwanja wa kantini. Deo ndiye alikuwa anaimba. Kijana wa Bukoba, mrefu, anacheka kabla hujamaliza utani. Kila mtu alikuwa rafiki yake isipokuwa sisi wa kusimama nyuma karibu na mlango, tukiwa na begi mgongoni, tukijiambia tunasikiliza wimbo mmoja tu halafu tunarudi library.

Akaanza na nyimbo zile zile za chuo. Wakuu, sitawadanganya, hata mimi nilisisimka. Nikaona kantini, nikasikia harufu ya chipsi, nikakumbuka hadi rangi ya viti.

Halafu nikagundua kwamba kumbukumbu zangu zote ni za migongo ya watu.

Nikamgeukia Koku nimwambie. Alikuwa analia. Si kwa kelele, machozi tu yanashuka, na midomo inafuata wimbo neno kwa neno.

Nilihisi wivu ambao sijawahi kuuhisi. Nilimwonea wivu Deo, sawa, hilo kila mwanaume atanielewa. Ila nilimwonea wivu hata Koku mwenyewe. Tulilipiwa ada ya chuo kile kile, yeye akarudi na maisha, mimi nikarudi na cheti.

Ngoja, bado.

Bendi ilipopumzika, Deo akaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Koku akamkumbatia, akamtambulisha kwangu, "Huyu ni kaka yangu."

Tuliosoma chuo tunawajua hao "kaka zangu" wa chuo. Nikatoa mkono, nikatabasamu kwa meno.

Kisha Koku akafungua pochi, akatoa kifurushi kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Kahawa hiyo naijua, ukienda kwa wakulima ndiyo unakaribishwa nayo, kama sisi tunavyokupa maziwa. Lakini Deo alichukua tunda moja, akalipasua kwa meno. Mle ndani mna buni mbili. Moja akatafuna yeye, nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Koku.

Na Koku akaila. Mbele yangu.

Narudi nyumbani kichwa kinachemka. Usiku nikaingia mtandaoni kwenye picha za Koku za zamani, nikashuka, nikashuka, nikafika mwaka wa kwanza. Nikaikuta moja yuko na Deo na gitaa. Nikataka kuikuza nione mkono wa Deo umeishia wapi, kidole kikateleza, nika-like.

Nikazima simu kabisa, kana kwamba kuizima kunarudisha like.

Kwa siku zilizofuata nilijenga kesi nzima kichwani. Nilikuwa mwendesha mashtaka na hakimu. Mwisho nikampigia baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, nikamwambia tuahirishe posa kwa sababu ya mvua, barabara ya Nyabiyonza ina utelezi.

Akasema, "Ng'ombe wanapita, wewe umekuwa laini kuliko ng'ombe?"

Akakata.

Alhamisi nikaamua bora niulize. Nikamkuta Koku kwao anaanika kahawa kwenye turubai. Mama yake alikuwa shambani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu yenye utangulizi, ikatoka hivi:

"Ulilia kwa ajili ya Deo?"

Hakuacha kusambaza kahawa. Akasema, "Nikajua tu. Mtu ha-like picha ya mwaka wa kwanza akiwa na afya njema."

Ndipo akanisimulia. Baba yake alifariki wakati tuko kwenye mitihani. Kutoka chuoni mpaka Nyabiyonza ni mbali, walizika hajafika. Siku hiyo Deo aliacha kwenda kupiga, akaja na gitaa, akakaa naye kwenye ngazi za hosteli akimwimbia taratibu wimbo mmoja tu, mpaka walinzi wakamfukuza. Ndio ule wimbo aliolia nao Kayanga.

Jioni hiyo Koku alikuwa na kifurushi cha kahawa, cha mwisho alichotumiwa na baba yake. Deo akachukua tunda, akalipasua.

"Kwenu hamna hii," akaniambia. "Sisi wa kahawa, ukila na mtu buni za tunda moja umekuwa ndugu yake. Zamani wazee walichanjana na damu kabisa. Mimi sina kaka wa kuzaliwa. Huyo ndiye kaka. Ningekuwa namtaka, hicho ndicho kitu cha mwisho ningekula naye."

Nikabaki nashika kahawa za watu bila kazi.

Akaongeza, "Na Jumamosi atakaa upande wetu. Unadhani Kayanga alifuata nini?"

Wakuu, hapo wivu haukuisha. Ulibadilika ukawa hofu. Yaani yule ninayemwonea wivu ndiye nitakayekwenda kumwomba mke?

Usiku ule sikulala tena, ila asubuhi nilimpigia baba mdogo nikamwambia utelezi umekauka. Akasema yeye alishanunua hata soksi.

Jumamosi tukaenda. Deo alikaa katikati ya baba wadogo wa Koku, amevaa koti, hacheki. Akauliza kama vile hajawahi kuniona, "Anayemtaka dada yetu ni yupi?" Nikasimama. Akauliza nilimfahamia wapi, nikasema huku nyumbani, ingawa tulisoma chuo kimoja.

"Mbona sikukuona chuo?"

"Nilikuwa nasimama nyuma, karibu na mlango."

Akaniangalia kidogo. "Wa nyuma niliwaona," akasema. "Wa mbele walikuwa wanaongea. Nyie ndio mlikuwa mnasikiliza."

Wakati huo kisahani cha kahawa kikawa kinapita. Nikataka kuonyesha heshima, kwamba nimeielewa mila yao. Nikachukua tunda, nikalipasua kwa meno, nikamnyooshea Deo buni moja.

Baba mdogo akanifinya paja.

Deo akainama akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya mtu wa jukwaani, "Shemeji, nikila hiyo na wewe unakuwa kaka yake. Posa inaishia hapo."

Nilizitafuna zote mbili na maganda yake. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga.

Nilichojifunza: swali la dakika mbili nililigeuza kesi ya wiki, na shahidi alikuwepo muda wote. Wivu bado ninao, sijapona, miaka ile siipati tena. Wenye wachumba wenye "kaka" wa chuo, nyie mnaishije? Semeni, na matusi nayapokea.

Ngoja nimalizie: siku hiyo baada ya chakula Deo akachukua gitaa. Mimi nilikuwa nimekaa na vijana wetu mlangoni, mahali pangu pa siku zote. Koku alikuwa mbele.

Nilinyanyua kiti changu, nikapita katikati ya wazee nikiomba samahani, nikakiweka pembeni yake. Kisha nikamwomba Deo aanze na ule wimbo.