Nyumba Aliyopatiwa Bibi

Juzi hapa Bagamoyo jirani yangu alikuwa anasiriba jiko lake la uani. Ile harufu ya udongo mbichi iliponifikia, mkono wangu ukaanza kuitafuta khanga ya Bibi. Mtu mzima mimi, nina watoto!

Nililelewa na Bibi kijijini Miono. Masika yalipouangusha ukuta wa nyumba yake, Baba alikuja na gari kutuchukua, akamwambia anampeleka Dar akatazamwe macho. Tuliposimama Lugoba kununua machungwa, Bibi amesinzia garini, nilimsikia Baba akisema kwenye simu: "Mama harudi tena Miono. Nimeshampatia pa kukaa."

Sikuthubutu kumwambia Bibi. Wakubwa wakizungumza, mtoto hasikii. Ndivyo nilivyofunzwa, na aliyenifunza ni Bibi huyohuyo.

Tulipoingia mjini Baba akasema anataka kutuonyesha kitu kizuri. Kumbe maghorofa yale yalikuwa yamezunguka kijiji cha zamani kilichohifadhiwa kama makumbusho: nyumba za udongo na makuti, vinu, mafiga, ila hakuna hata kuku mmoja. Nyumba moja ilikuwa kama yetu kabisa, hata mlango wake wa kuinamia.

"Mama, unaionaje?" Baba akauliza, anatabasamu.

Basi ndiyo hii, nikajisemea.

Bibi akasimama mlangoni. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Alipopiga ya tatu asiitikiwe, akageuka aondoke, kama adabu inavyotaka.

Baba akacheka. "Mama, humu hakai mtu. Ingia tu."

Akaingia, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akaupapasa ukuta. "Wamesiriba vizuri," alisema, "lakini mafiga haya hayajaona moto."

Wageni wawili wakachungulia, wakaomba kumpiga picha. Hapo nikashindwa. Watu watakuja kumtazama hivi kila siku, kisha jioni waende zao! Nikaing'ang'ania khanga yake, nikalia kwa sauti: "Baba, usimwache Bibi humu! Nilikusikia kule Lugoba!"

Baba akababaika. "Nani kasema anaachwa?" Akatuharakisha garini. Mimi roho ilinitulia, maana nilijua nimemwokoa.

Nyumbani kwa Baba kulikuwa ghorofa ya nne, mlango wa chuma, sakafu inang'aa. Baba akafungua. Bibi akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema taratibu. Ndani kimya.

Akaniinamia. "Ulipatia, mke mwenzangu," ndivyo alivyozoea kunitania. "Ila nyumba ndiyo uliyokosea."

Nilicheka sana siku ile. Baba alimpenda mama yake, hilo sina shaka nalo. Lakini alikuwa akienda kazini, mimi shule, na Bibi akishinda ameukabili mlango ule, khanga begani, kama mtu anayengoja wageni. Mjini watu hawapigi hodi, wanapiga simu. Miono hakurudi tena. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipotambua kwamba pale kizingitini Bibi hakuwa anatania.