Stiki Aliyonitengenezea Kasmiri

Kasmiri ni fundi redio hapa Handeni. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi, na mtu anayefika kwa mara ya kwanza hushangaa kumkuta ameipa kazi mgongo. Redio inakoroma mezani, yeye anatazama barabara na kikombe cha kahawa mkononi. Ukimuuliza, "Fundi, mbona huitazami?" atakujibu, "Naisikiliza. Kuitazama utaitazama wewe mwenye nayo." Baada ya muda anageuka, anashika bisibisi, na mara nyingi anakwenda moja kwa moja penye ubovu.

Tulizaliwa naye Mazingara, tukasoma darasa moja mpaka la saba, tukaishia hapo wote wawili. Mimi si msemaji. Mbele ya watu watatu ulimi wangu unakuwa mzito, na wakifika watano unalala kabisa. Tangu utoto Kasmiri ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Mwalimu akiniuliza swali, yeye hujibu, kisha tunachapwa pamoja. Nilipotaka kumwoa Maryamu, yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Alirudi kutoka kwao akicheka peke yake njia nzima. "Nimewaambia wewe ni mzungumzaji sana," akasema, "ila leo unaumwa koo."

Baada ya shule tulikwenda Korogwe kubeba mizigo katika duka la mzee Chimanlal. Barazani kwake palikuwa na mashine ya gemu, lile sanduku refu la kusimama mbele yake, lenye stiki ya chuma yenye kirungu chekundu na batani kubwa kama vifuniko vya soda. Jioni, duka likifungwa, mwanawe Mitesh alituachia tucheze. Ilikuwa gemu ya ngumi. Mimi nilichagua jitu la mieleka. Jitu hilo ni zito na mwendo wake ni wa kobe, lakini ukiizungusha stiki duara zima na kubonyeza ngumi, linamkamata mtu, linaruka naye juu na kumpigiza chini. Kujinasua hakuna, isipokuwa mwenzako awahi kuruka kabla mkono haujamfikia.

Pale kwenye mashine sikuhitaji kusema. Vijana waliokuwa hawajui jina langu walikuwa wakisogea kando nikija.

Ile mashine ilipokufa kabisa, Mitesh alimpa Kasmiri stiki na batani zake achezee ufundi. Kasmiri alizitia katika kopo la maziwa, akahama nazo nyumba baada ya nyumba, na mimi nikazisahau.

Miaka ilipita. Nikawa mwendesha mashine ya kusaga nafaka hapa Handeni. Siku moja mkanda wa mashine ulinibana kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kilipona, lakini hakikunjiki mpaka leo. Kwa kazi hakikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba wakati huo kijana Dennis alikuwa amefungua kibanda cha gemu mtaani kwetu, na jioni nilikuwa na tabia ya kupita pale. Kwa Dennis wanatumia pedi, kile kidude cha vibonyezo kinachoshikwa kwa mikono miwili, na kwenye pedi kila mwendo wa upande unafanywa na kidole gumba cha kushoto. Jitu langu la mieleka lilisimama kama gogo, vijana wakalipiga wapendavyo.

"Mzee wa mashine, pumzika," Dennis aliniambia kwa upole. "Uwe unakuja kutazama tu."

Sikumlalamikia mtu. Lakini Kasmiri aliona. Haikupita muda mrefu akaniita kibandani kwake. Juu ya meza palikuwa na boksi la mbao ya mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza, na juu yake ile stiki ya kwa Chimanlal na kirungu chake chekundu. Alikuwa ameunganisha nyaya zake na matumbo ya pedi mbovu.

"Hii haihitaji gumba," akasema. "Inahitaji mkono. Mkono unao?"

Nilimshika bega. Maneno hayakutoka, na yeye alijua hayatatoka. Nina umri huu na watoto wakubwa, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunitengenezea kitu ambacho sikukiomba.

Nilirudi kwa Dennis na boksi langu. Vijana walicheka siku ya kwanza. "Oya, mzee kaja na redio!" Baada ya hapo walikuwa wakipanga foleni kunijaribu.

Stiki ile ina sauti. Kila ukiisukuma inalia *ta*, na ukiizungusha duara inalia *tarararata*. Jioni nyingine nilifanyia mazoezi kibandani kwa Kasmiri, na yeye, akiwa amenipa mgongo kama kawaida yake, alikuwa akisema, "Umezungusha, hukubonyeza." Au, "Hapo umekosea, umeishia njiani." Alikuwa hajatazama hata mara moja. Nilimwambia aniwekee kipande cha sponji ndani.

"Cha nini? Kwa Dennis tivii inapiga kelele kama harusi, nani ataisikia?" akasema. "Anayeisikia ni mimi. Niachie nisikie."

Nikamwachia.

Bintiye Kasmiri, Faudhia, ameolewa Korogwe na Hashim, kijana mwenye kibanda cha gemu pale Manundu. Sikukuu ya Idi walikuja Handeni, na Hashim akaja kwa Dennis na pedi yake mfukoni. Huyu alikuwa fundi kweli. Vidole vyake vilitembea kwenye pedi kama vya mtu anayechambua mchele. Aliwafunga wote mpaka akanifikia mimi.

"Shikamoo, ba'mdogo," alisema, akaketi. Nikamfunga. Akasema turudie, nikamfunga tena.

"Ni hilo boksi," Hashim alisema akisimama. Uso ulikuwa umembadilika. "Ba'mdogo, nakuheshimu, lakini hiyo si haki. Boksi linazunguka lenyewe. Mwanamume anashika pedi."

"Pedi ni ya vidole laini!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma. "Mkwe kalazwa!"

"Basi njoo Korogwe, kwenye kibanda changu, mbele ya watu wangu," Hashim akasema. "Ukinifunga, sitalisema tena boksi lako. Nikikufunga, unaliweka chini, unashika pedi kama sisi wengine. Umekubali?"

Kibanda kizima kilinigeukia. Kila mmoja pale alikijua kidole changu. Kwangu mimi kushika pedi ilikuwa sawa na kurudi kutazama tu. Nilifungua mdomo, na Kasmiri akajibu.

"Anakuja," akasema. "Andaa na chai."

Tulikwenda Jumamosi. Kwenye gari Kasmiri ndiye aliyelipakata boksi, amelifunika kwa kanga ya mkewe lisiingie vumbi. Tulipopita Sindeni alianza kunikumbusha mambo ya kwa Chimanlal, akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Nami nilicheka. Nataka hilo lijulikane, kwamba tulicheka.

Kibanda cha Hashim kilijaa mpaka mlangoni. Tivii kubwa ilikuwa ikipiga muziki wa gemu mpaka bati linatetemeka. Niliketi kwenye benchi, boksi magotini, Hashim kushoto kwangu na pedi yake. Kasmiri alisimama nyuma karibu na ukuta. Mshindi angekuwa wa kushinda raundi mbili.

Kabla hatujaanza, Hashim aliinua mkono.

"Punguzeni sauti ya tivii."

"Tutasikiaje ngumi?" wakamlalamikia.

"Punguzeni kabisa. Kichwa kinaniuma."

Wakapunguza. Kibanda kikawa kimya kama darasa mwalimu akiingia. Niligusa stiki, ikalia *ta*, na kila mtu akaisikia.

Sikuelewa papo hapo. Nilielewa katikati ya raundi ya kwanza. Nilikuwa nimemkaribia, nikazungusha, *tarararata*, na kabla sijafika kwenye batani Hashim alikuwa ameshapaa juu. Nikafikiri ni bahati yake. Nikazungusha tena, akapaa tena, na akishuka ananitandika kichwani. Mara ya tatu nilimtupia jicho. Hakuwa anatazama mkono wangu. Alikuwa ametega sikio upande wangu, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayesikiliza vitu namna hiyo.

Raundi ikaisha, nimefungwa. Vijana wa Korogwe wakapiga mabenchi. "Mzee kapigwa na kitu kizito! Leteni pedi, azoee!"

Niligeuka nyuma. Kasmiri alikuwa ameinama, anafuta miwani yake kwa ncha ya shati. Aliifuta mpaka nikachoka kumtazama.

Mtu mwingine angesimama aseme, ongezeni sauti, huyu ananisikiliza. Mimi siwezi kusema mbele ya watu watano, na pale walikuwepo zaidi ya thelathini. Na hata kama ningeweza, ningemtaja nani? Ningemvua nguo Kasmiri mbele ya mkwe wake na majirani wa bintiye? Pedi ya akiba ilikuwa imelazwa mezani mbele yangu. Pedi haina sauti. Niliitazama, nikakitazama kidole changu, nikarudisha mkono kwenye kirungu chekundu.

Raundi ya pili nilimsogelea nikazungusha, *tarararata*, lakini sikubonyeza. Hashim akapaa. Nikamsubiri ashuke, nikampiga ngumi ya tumbo. Nikazungusha tena bila kubonyeza. Akapaa tena, nikamsubiri tena. Mara ya tatu akaamua kutopaa, na mara hiyo nilibonyeza. Jitu likamkamata, likaruka naye, likampigiza chini.

Hashim akageuka nyuma, akasema kama mtoto aliyeonewa:

"Baba, mbona ulisema—"

Akaishia hapo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi nililisikia vizuri. Tivii ilikuwa imepunguzwa.

Raundi ya tatu haikuwa na mchezo. Masikio yalimwambia hivi, macho yakamwambia vile, akawa anaruka pasipo na sababu. Nilimfunga huku sioni raha yoyote. Na mtu wa kwanza kunikumbatia alikuwa Kasmiri. Alipita katikati ya watu mikono wazi, akapaza sauti kuliko wote: "Nilijua tu! Nilijua!" Alinukia kahawa na lehemu, harufu yake ya siku zote. Nilisimama nikakumbatiwa.

Nje, barazani pa duka la jirani, tulingojea gari la kurudi. Hakucheka tena.

"Faudhia alinipigia simu," alisema, macho barabarani. "Tangu Idi vijana wanamcheka mumewe. Wateja wanahamia kibanda kingine. Akalia, Sabiri. Mtoto akikulilia unafanyaje?"

Nililihamishia boksi mkono wa pili.

"Na umeshinda. Si umeshinda? Basi yameisha."

Niligeukia upande gari litakakotoka.

"Ni gemu tu, ndugu yangu."

Hilo ndilo lililoniumiza. Kama ni gemu tu, kwa nini alipiga msasa mninga ule mpaka ukateleza? Kwa nini alitunza stiki kwenye kopo miaka yote ile? Yeye peke yake katika watu wote alijua si gemu tu. Nilikuwa na la kumwambia, zito, la kusemwa kwa utaratibu na mtu anayejua kusema. Maneno ya namna hiyo siku zote nilimpa Kasmiri anisemee. Hili ningempa nani?

Gari lilipokuja alipanda mbele. Mimi niliketi nyuma na boksi langu bila kanga, likaingia vumbi.

Niliendelea kuitumia stiki kwa Dennis, maana nilishinda kwa haki. Lakini kila ikilia niliona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Mvua za vuli zilipoanza, upande mmoja ukaacha kushika. Ukiisukuma kushoto, jitu linasimama.

"Kitu kidogo hicho," Dennis akasema. "Mpelekee Kasmiri."

Kasmiri alipata habari. Akamtumia Maryamu salamu sokoni: alete tu, nitamtengenezea bure. Maryamu akanifikishia, akanitazama. "Amesema na sponji atakuwekea," akasema.

Nililifunga boksi katika kiroba cha unga, nikaliweka juu ya kabati. Liko huko.

Siku hizi nashika pedi. Naiweka gotini na kuisukuma kwa kidole cha shahada, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Jitu la mieleka nimeliacha, haliwezekani. Nachukua mpiganaji mwepesi wa kurusha mateke, na nafungwa na watoto wa shule.

Idi iliyofuata Hashim alikuja. Akaniamkia, akaiona pedi mikononi mwangu, akashtuka.

"Ba'mdogo, wewe ulishinda. Boksi liko wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Akaketi, tukacheza. Katikati ya raundi nikanusa kahawa na lehemu. Kasmiri alikuwa amesimama mlangoni, amegeukia barabarani, mgongo kwetu, kichwa kimeinama kidogo. Alisubiri. Dennis alikuwa amezima sauti ya tivii kwa sababu ya adhana ya laasiri, na ndani hapakuwa na mlio wowote. Mwisho Kasmiri akalazimika kugeuka na kutazama tivii, kama mtu mwingine yeyote, ili ajue nani anapigwa.