Bi Mzee Aliyekataa Kutia Sahihi

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka mpaka leo, na kila nikiikumbuka humshukuru Mungu kwa bi mzee mmoja aliyenikatalia. Nilikuwa msichana wa hapa hapa Maskati, nimekwenda kusomea sheria Kanada, nikapata kazi ya kuwasaidia watu wa asili wa huko kuandika mapatano na serikali. Walikuwa warudishiwe sehemu ya ardhi yao na waachiwe wajitawale: shule zao, misitu yao, baraza lao. Jambo hilo walikuwa wakilidai tangu enzi za babu zao.

Ilibaki sahihi tu ya mkubwa wao, bi mzee huyo. Ukumbi umejaa, watoto wameshajipanga kuimba. Akaitazama ramani ya ardhi watakayorudishiwa, akaweka kidole penye mto.

"Hapa jirani zetu hukausha samaki," akasema. "Mmewauliza?"

Jirani hao ni watu wa asili vile vile, wana madai yao mbali. Nikamnong'oneza, "Bibi, tutie sahihi leo, nao tutazungumza baadaye. Serikali ikibadilika, tutapata wapi tena?" Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, maana uchaguzi ulikuwa mlangoni.

"Binti, kwenu mtu akijenga ukuta, hamwambii wa nyumba ya pili?" akaniuliza. "Mto huu nilinyang'anywa nikiwa mtoto. Sitaupokea kwa kumnyang'anya mwingine." Akaweka kalamu chini, akatoka.

Nilipandwa na hasira, mwanangu. Huu upole unaouona nimeupata ukubwani. Lakini kwao mkubwa hapokei ardhi kabla hajaenda kula na watu wa ng'ambo ya pili. Basi tukafunga safari kwenda kwa jirani hao. Tukawakuta wazee wa kule wamenuna, habari za ramani zimeshawafikia, na wakili wao yuko njiani kwenda mahakamani kuyazuia mapatano yote. Ningelisikilizwa mimi, kila kitu kingeliharibika.

Bi mzee hakutoa hotuba. Alikaa na wanawake wa pale, akapasua samaki pamoja nao, akala, akangoja waanze wenyewe. Walipoanza, walisema mengi, mengine makali, naye akayasikiliza yote. Mwisho wakakubaliana mto uwe wa pande zote mbili. Serikali ikanung'unika, kisha ikaridhia. Siku ya sahihi jirani walikuja wakasimama mashahidi, na mapatano yale hayajavunjwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tangu niliporudi nyumbani nimesuluhisha magomvi mengi, ya maji ya falaj, mifereji yetu ya kumwagilia mashamba, na ya mipaka ya mashamba hayo. Kila mara nilikwenda kwanza kunywa kahawa kwa yule ambaye hakuitwa kwenye kikao. Riziki yangu na heshima yangu zimetoka kwa bi mzee yule, na sijui nimlipe nini ila dua.

Basi nnakuusia, mwanangu. Dai haki yako, wala usione haya kuidai. Lakini kabla hujaipokea, muulize aliyekaa pembeni yako, hata kama watu wanakuharakisha, hata kama unaogopa kuikosa. Haki inayopatikana kwa kumruka jirani humfanya yeye kuwa mdai wako wa kesho.

Mungu akupe kilicho chako, na akujaalie ukipokee bila ya kumliza mtu. Amin.