Nimekunywa, Mwanangu

Mkewe ndiye aliyempa jina la Bwana Rahisi, na alimpa siku ile alipokwama chooni gizani dakika kumi nzima akiibembeleza taa iwake. Taa yenyewe ilikuwa ya kisasa. Haikuwa na swichi ukutani, ilisubiri kuambiwa, na ilikuwa imefundishwa sauti ya mumewe peke yake. Mume wakati huo alikuwa ofisini, akiwaeleza wateja kwamba kifaa kizuri ni kile ambacho hata mgeni atakitumia bila kuuliza.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ni msanifu wa matumizi ya vifaa, yaani mtu anayelipwa kufikiria kidole chako kitagusa wapi. Ukianza kusoma ujumbe kwenye simu, ukaumalizia kwenye saa ya mkononi, kisha spika ya jikoni ikakukumbusha jambo ulilolisahau sebuleni, ujue kuna mtu kama yeye aliyekaa siku tatu akibishana na wenzake kama kitufe kiwe cha duara au kiwe na pembe. Mwenyewe husema ametumia miaka kumi na minne kuwapunguzia watu nusu sekunde hapa na nusu sekunde pale, na mpaka leo hajaambiwa wamezipeleka wapi.

Baba yake alikuwa fundi saa. Aliacha kazi macho yalipoanza kuzikataa skrubu ndogo, akabaki katika nyumba yake ya vyumba viwili, na meza yake ya kazi chini ya dirisha, na droo za vipuri zilizopangwa kwa utaratibu anaoujua yeye tu. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mitatu nyuma. Mzee alijipikia, alijifulia, na habari ya kuhama alikuwa hataki hata kuisikia.

Presha ndiyo iliyoleta maneno. Daktari alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, na dada mkubwa wa Bwana Rahisi, mwalimu mkuu asiye na simile, akasema baba hawezi kuaminiwa na kidonge. Aje akae kwake, chumba kipo. Mzee alipolisikia hilo hakula siku hiyo. Bwana Rahisi akaingilia kati akiwa amevimba kifua. Alimwambia dada yake kwamba kuwakumbusha watu ndiyo kazi inayomweka mjini, basi aachiwe yeye. Dada alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai kalisahau daftari nyumbani, kisha akakubali kwa sharti moja: kidonge kisikose. Kikikosa, anamchukua baba.

Bwana Rahisi alichukua likizo ya wiki moja akatengeneza kitu ambacho, kwa maneno yake ya wakati ule, kingeandikwa vitabuni. Saa mbili asubuhi saa ya mkononi ingeutikisa mkono wa mzee. Asipojibu, simu ingelia. Asipojibu, spika iliyokuwa juu ya meza ya kazi ingesema. Asipojibu bado, taa ya jikoni ingekonyeza mpaka akome. Na uzuri wake wote ulikuwa hapa: akijibu kifaa kimoja, vingine vyote vinanyamaza papo hapo, kama watoto walioona mwalimu anaingia. Majibu yalikuwa mawili tu, “Nimekunywa” na “Nikumbushe baadaye”, kwa sababu katika kazi yao kila kitufe cha ziada kinahesabiwa kuwa mzigo kwa mtumiaji. Sauti aliirekodi mwenyewe, kwa kuwa alisoma mahali kwamba wazee huisikiliza zaidi sauti wanayoifahamu: “Shikamoo baba. Umekunywa dawa?”

Mzee aliivaa ile saa bila ubishi. Alisema tu kwamba saa inayohitaji kulazwa kwenye chaja kila siku si saa, ni mgonjwa.

Siku za mwanzo zilikuwa za kusuasua, leo “nimekunywa”, kesho “baadaye” mara nne. Halafu kuanzia siku ya kumi mambo yakanyooka. Kila asubuhi, saa mbili na dakika moja, tiki ya kijani ilijitokeza kwenye kompyuta ya Bwana Rahisi kule ofisini. Aliwaonyesha wenzake, wakapiga makofi, naye akakivaa kile kilemba cha ukoka akatembea nacho wiki nzima.

Kuna jambo hapa ambalo hulitaja kwa sauti ya chini. Kabla ya vifaa vile, alikuwa akimpigia baba yake simu kila baada ya siku mbili kumuuliza habari ya dawa. Tiki zilipoanza kuja, aliacha. Apige ya nini, na jibu analo mbele ya macho? Hata muda aliouokoa kwa kutompigia baba yake aliuandika kwenye orodha ya faida za mfumo.

Siku ya hamsini na nane, Jumamosi, dada alifika kukagua. Walikaa watatu katika chumba cha mzee, na Bwana Rahisi akafungua kompyuta akaonyesha safu ya kijani isiyokatika, akieleza kwa kidole na kwa kalamu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, maana si mtu wa kumwonea mtu. Kisha akauliza dawa zinawekwa wapi. Mzee akaangalia dirishani. Dada akaanza kufungua droo moja moja, na katika droo ya mikanda ya saa akazikuta. Kati ya vidonge sitini, vilikuwa vimetoka tisa.

Mtu mwenye akili zake angeona aibu akanyamaza. Bwana Rahisi aliona aibu, lakini neno la kwanza lililomtoka lilikuwa kwamba huenda mtandao ulikuwa na hitilafu. Dada akaviweka vile vidonge mezani mbele yake. Ndipo Bwana Rahisi alipomgeukia baba yake akamuuliza kwa nini alikuwa akijibu amekunywa.

“Uliniuliza, nikajibu,” mzee alisema. “Nikisema baadaye, unarudi baada ya dakika kumi. Unarudi tena. Taa nayo inakonyeza. Nikasema, huyu mtoto yuko kazini, ana mambo yake, kwa nini ahangaike hivi kwa ajili yangu? Nikikwambia nimekunywa, unatulia.”

Kumbe basi. Miaka kumi na minne ya utaalamu, likizo ya wiki nzima na vifaa vinne, na alichotengeneza ni chombo cha baba kumbembelezea mwanawe alale.

Dada aliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo, kwa nini havinywi. Mzee akachukua kitambaa akaanza kupangusa meza isiyo na vumbi, na hakuna aliyempata tena. Alikuwa ameufunga mdomo wake kama anavyofunga mfuniko wa saa ya mteja.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” dada alisema, akasimama. Akamtazama mdogo wake. “Jumapili ijayo nakuja na gari. Ama nitamkuta baba anakunywa dawa, ama nitamkuta na begi lake.”

Sasa hapo, mtu mwingine yeyote angevuta kigoda akae na baba yake. Bwana Rahisi alikwenda nyumbani kutengeneza skrini mpya. Kichwa chake kilikuwa “Sababu ya kutokunywa dawa”, na chini yake palikuwa na sababu tisa, kila moja na picha yake na rangi yake: nimesahau, chungu, maji yamekwisha, na kuendelea. Aliituma kwenye simu ya mzee, akajisifu kimoyomoyo kwa kulitazama tatizo kwa mapana. Mkewe aliikagua juu ya bega lake, akamuuliza kama mdomo wake una ubovu wowote. Jumatatu mzee alichagua sababu ya tisa, “Nyinginezo”. Jumanne akachagua “Nyinginezo”.

Jumatano maji yalikuwa shingoni. Asubuhi alitoka kwenye ukumbi wa ofisi, akasimama karibu na ngazi, akapiga simu kwa mkono wake mwenyewe.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nimekunywa, mwanangu, we fanya kazi,” mzee akasema, akakata.

Akapiga tena. Alikuwa bado hajamaliza salamu, akaambiwa “nimekunywa”, simu ikakatwa. Mara ya tatu haikupokelewa kabisa. Aliporudi mezani kwake aliikuta tiki ya kijani inamsubiri.

Hapo ndipo palipomuuma. Uongo wa mzee alikuwa ameshausamehe. Kilichomchoma ni kwamba alijirekodi, akajituma, akajirudia kila asubuhi kwa siku sitini, mpaka yeye mwenyewe alipopiga simu hakuwa na chochote cha kumtofautisha na spika. Alikuwa na mkutano saa nne. Alichukua funguo akatoka bila kumuaga mtu.

Alipiga hodi. Mzee alifungua mlango, akamwona mwanawe siku ya kazi, asubuhi, na uso ukambadilika. Akamuuliza nani amefariki.

“Hakuna aliyefariki, baba. Nimekuja kukuuliza umeamkaje.”

Mzee alimtazama kitambo, kisha akasogea kando kumpisha. “Basi kaa,” akasema. “Jibu lake refu.”

Lilikuwa refu kweli. Kidonge kile kilikuwa kinamzungusha kichwa. Siku ya sita alianguka mlangoni pa jikoni, siku ya tisa akaanguka bafuni, na akainua shati kumwonyesha mbavu ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa na weusi. Akakaa akapiga hesabu zake. Akisema ameanguka, binti yake atakuja na begi. Asipokinywa kile kidonge anasimama imara, na mtu anayesimama imara huachwa nyumbani kwake. Akachagua kusimama. Kuhusu zile sababu tisa, alizisoma zote kwa miwani, na ya kwake hakuiona.

Bwana Rahisi alisikiliza kwa muda wa karibu saa mbili. Kati ya maneno ya dawa mlikuwa na maneno mengine mengi, ya ufa uliokuwa ukutani, ya mama, ya namna nyumba inavyokuwa kimya saa tisa alasiri. Mara tatu alifungua mdomo kupendekeza kifaa, mara tatu akaufunga, na kwa mtu wa kazi yake huo ulikuwa ushujaa. Simu ilitetemeka mfukoni mpaka ikachoka. Alilia kidogo pia, kwa aibu na kwa huruma, akasingizia mafua.

Kesho yake walikwenda kwa daktari pamoja. Daktari alimpima mzee amelala, akampima amesimama, akawakaripia wote wawili, kisha akabadilisha kidonge kwa kingine chenye nguvu ndogo, kinywewe jioni baada ya chakula.

Jumapili dada alikuja na gari kama alivyosema. Akafungua droo, akakuta vidonge vitatu vimetoka kwa jioni tatu. Alisema jioni tatu si miezi miwili. Ndipo mzee alipomsimulia mwenyewe, ya jikoni na ya bafuni, bila kuficha hata weusi wa mbavuni. Dada akakaa kwenye kiti walichokuwa wakikalia wateja, na ukali wote ukamtoka.

“Baba, uliniogopa mimi?”

“Nilikiogopa chumba chako,” mzee alisema.

Dada akajifuta macho, akajikusanya, ualimu ukamrudia, akataka kujua mfumo wa sasa ni upi. Bwana Rahisi akamweleza kwamba kila jioni akitoka kazini anapita hapa, anapiga hodi, anakaa. Alieleza kwa maneno machache, akiona haya kidogo, maana haukuwa na hata kitufe kimoja cha kuonyesha. Dada aliupima ule mpango, akatafuta tundu lake, akalipata.

“Na siku ukisafiri?”

Ni mzee aliyejibu. “Siku hiyo nitampigia mimi,” akasema, “nimkumbushe kuniuliza.”