Akina Olaf Wawili wa Veneranda Shirima

Siku ya kwanza tulipokutana, Veneranda Shirima hakuniuliza jina langu. Aliuliza la babu yangu mzaa baba. Nilipomtajia akatabasamu: "Basi na wewe ni Ernest." Alikisia sawasawa.

Wote tunamwita Mama Stellah. Anaishi mtaa wa Rågsved, hapa Uswidi, na anahudumia wazee huko Hässelby. Kila Alhamisi, akitoka zamu ya asubuhi, hushuka Vällingby kwenye kikundi chetu cha kusoma historia. Msimu huu tunasoma habari za wafalme wa kale wa Dublin, waliochanganya damu ya Skandinavia na ya Ireland. Majina yao yanatesa: Olaf, Ivar, Sitric, kisha Olaf tena, Ivar tena.

Kwenye chati yetu ya ukoo tulikuwa na Olaf mmoja aliyefanya kila kitu. Mama Stellah aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu amekufa mwaka 941," alisema. "Mbona mwaka 980 bado anapigana?"

"Labda alikuwa anakula vizuri," alisema Khalfan, dereva wa treni.

"Khalfan, baba, tulia. Hawa ni wawili. Kwetu Rombo mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kaka zangu wawili, kila mmoja ana Januari wake. Ukiita sebuleni wanaitika wote. Lazima useme Januari wa Aron, au Januari wa Jonathan."

Tulifungua vitabu upya. Kweli kabisa: Olaf wa Gofraid na Olaf wa Sitric, mabinamu. Wa kwanza alipofariki, wa pili akashika utawala wa mji wa York baada yake. Sote tulisimama kuizunguka meza.

Wiki iliyofuata alileta chati mpya, na juu ya Gofraid na Sitric ameandika baba yao: Olaf.

Alma, mwalimu kijana anayetuongoza, akauliza, "Huyu babu umemtoa kitabu gani?"

"Nimemtoa nyumbani," alijibu Mama Stellah.

Khalfan alicheka mpaka akavua miwani. Alma hakucheka. Vitabu vinamtaja Ivar kuwa mzee wa ukoo, lakini baba wa Gofraid na Sitric havimtaji. Bila ushahidi, alisema, chati haitatundikwa kwenye maonyesho yetu ya maktaba, wala Mama Stellah hataielezea. Kwake hilo si dogo. Kwa miaka ishirini na miwili aliyoishi hapa, Kiswidi chake kimekuwa cha dawa na chakula. Hajawahi kusimama mbele ya watu akawafundisha kitu.

Alichukua kifutio, akamfuta yule babu, akaacha duara tupu. Juu yake akaandika Ivar, akaunganisha kwa mstari wa nukta.

"Hapa hatujui," alisema.

Alma aliikagua chati, kisha akaikunja taratibu. "Jumamosi saa nane mchana. Wewe ndiye msemaji wa kwanza."

Imebaki siku moja. Mhadhiri mmoja wa historia ya Ireland amethibitisha kuja, na binti yake Stellah ameomba ruhusa kazini ili aje. Tangu asubuhi Mama Stellah amenitumia ujumbe wa sauti mara nne, kila mara akiianza upya sentensi yake ya kwanza ya Kiswidi, na kila mara inazidi kunyooka.