Chumvi ya Kwenda Kuona Nyama

Ninyi vijana munaosema "nyama" bila kufikiri, musikilize. Juzi muke wa mwana wangu alitoka soko la Murara na nyama ya pori, imekaushwa, imefungwa katika jani la ndizi. Harufu ya ule moshi iliponifikia, nilikaa chini.

Nilikuwa mutoto. Papa alisema, "Leo tunaenda Rumangabo, kule parke, pori linalolindwa, kuona nyama." Kwetu neno ni moja tu, la munyama wa porini na la kitoweo cha sahani. Nikafunga chumvi katika kitambaa.

Kule mulinzi wa parke alitoka amebeba ngagi mudogo, mutoto wa sokwe wa mulimani, mweusi kama masizi. Alishika shati ya mulinzi kwa vidole vyenye kucha kama zangu, akilia kama mutoto aliyenyimwa ziwa la mama yake.

"Papa, huyu ni mudogo. Atatutosha?" Nikaonyesha chumvi yangu.

Papa alicheka. Mulinzi hakucheka.

"Mama yake wamekwisha kumula," alisema. "Wawindaji walimukausha kwa moshi, wakamuuzisha vijijini juma lililopita."

Juma lile lile mujomba alikuwa ametuletea nyama kavu, nikalamba hata vidole. Nilifikiri yule mudogo analia kwa sababu amesikia harufu ya mama yake kwangu. Sasa ninajua pengine alikuwa na njaa tu, lakini tumbo langu halijakubali.

"Mama, ni nyama tu," muke wa mwana wangu aliniambia juzi.

Nikawaita wote wa nyumba. "Chukueni jembe. Hiyo haipikwi, inazikwa. Hata kama chini ni mawe ya volkano, mutachimba, na hakuna mutu atakula kabla ya kumaliza."